Chungu cha Mke Mumewe Akiwa Safarini: Habari za Miiko ya Chakula katika Karagwe na Nchi za Jirani

I. Neno lenyewe

Habari za Karagwe zilizokwisha andikwa ni nyingi: habari za wafalme wa ukoo wa Bahinda, za ng'ombe wenye pembe ndefu, za migomba na za pombe. Lakini liko jambo moja ambalo waandishi wamelipita upesi, nalo ni hili: mwanamke alikula nini siku ambazo mumewe hakuwapo nyumbani? Huenda msomaji akaona kuwa hili ni jambo dogo la jikoni, lisilostahili wino wala karatasi. Sisi twaona sivyo. Akiwapo mwenye nyumba, mke hufuata desturi, wala hatuwezi kujua kama aifuata kwa moyo au kwa sababu ya macho ya watu. Mume akishika njia, ndipo tupatapo kujua desturi ile ilisimama juu ya nini.

Na tuanze na maneno, kwa kuwa maneno hutunza mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Kiswahili hutumia kitenzi cha kupika pamoja na mtu anayepikiwa: mke humpikia mumewe, huwapikia watoto, huwapikia wageni. Tendo la kujipikia husemwa juu ya mseja, au mgane, au mtu wa ugenini asiye na wa kumpikia, nalo husemwa kwa huruma. Kwa mke ambaye mumewe amesafiri, neno lilo hilo husemwa kwa kicheko, na majirani huongeza mithali: paka akiondoka, panya hutawala. Basi neno moja lina nyuso mbili. Kwa mwanamume ni upweke, kwa mwanamke ni uhuru unaotiliwa shaka.

Neno la pili ni mwiko. Katika Kiswahili mwiko ni upawa wa mti wa kusongea ugali, tena mwiko ni jambo lililokatazwa na mila. Hatusemi kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Yafaa tu kukumbuka kwamba mwanamke wa zamani alikuwa nayo yote mawili jikoni mwake, moja mkononi na moja moyoni. Katika lugha za watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria neno la mambo yaliyokatazwa ni omuziro, nalo hutoka katika kitenzi cha kuzira, maana yake kujizuia na kitu, kutokukigusa kwa kinywa. Mswahili naye husema kuzira, lakini kwake ni kukataa chakula kwa hasira au kwa kususa. Tofauti hii yafaa kuangaliwa. Azirae Kiswahili huzira kwa mapenzi yake mwenyewe. Azirae kwa desturi za Ziwa amekwisha kuzirishwa na ukoo wake tangu kuzaliwa.

II. Vyakula alivyokatazwa mwanamke

Kila ukoo ulikuwa na omuziro wake, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo ule wote, waume kwa wake, hawakukila wala kukiua. Miiko hiyo ilikuwa sawa kwa wote. Lakini juu yake palikuwa na miiko mingine iliyowahusu wanawake peke yao. John Roscoe, mmisionari aliyeandika kitabu kikubwa cha desturi za Waganda mwaka 1911, ameeleza kwamba huko Buganda wanawake hawakula kuku, wala mayai, wala nyama ya kondoo, wala samaki wa namna fulani. Buhaya vilevile kuku na mayai havikuwa chakula cha mwanamke, wala senene, ambao tutawataja mbele mahali pao. Mwiko wa kuku na mayai haukuwa wa nchi hizi tu. Frederick Simoons, mtaalamu wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 1961 juu ya vyakula vinavyokatazwa katika mataifa mbalimbali, akaonyesha kwamba mwiko wa mayai na kuku ulienea katika sehemu nyingi za Afrika, tena uliwabana hasa wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Wafugaji, yaani Wahima, walikuwa na miiko yao tena. Wao waliyatenga maziwa na vyakula vingine. Speke, Mwingereza aliyepita nchi hizi mwaka 1861, aliandika kwamba wafugaji walikataa kumwuzia maziwa kwa sababu yeye na watu wake walikula kuku na maharage; waliogopa kwamba ng'ombe wangedhurika. Kwao pia mwanamke aliye katika siku zake hakunywa maziwa ya ng'ombe, kwa hofu iyo hiyo ya kuudhuru mfugo.

Sasa tuangalie ni nani aliyefuga kuku. Ni mwanamke na watoto. Yeye ndiye aliyewatupia makombo na kuwafungia usiku wasiliwe na mnyama wa mwitu. Hata akafika mgeni wa heshima, kuku alichinjwa, mwanamke akampika, akaiona nyama ikiiva, akaionja harufu yake, kisha akaipakua na kuipeleka kwa wanaume. Yeye na binti zake walirudi kwenye ndizi na maharage. Na tena kuku alikuwa na kazi nyingine katika nchi za Ziwa: waaguzi walimpasua na kuyatazama matumbo yake wapate kujua mambo yajayo. Basi ndege huyu alikuwa chombo cha wanaume mara mbili, mezani na katika uaguzi. Mwanamke alikuwa mlinzi wake tu.

Wanaume walipoulizwa sababu walisema kwamba mwanamke akila vitu hivi hatazaa, au atazaa mtoto mwenye kasoro. Hawakusema kwamba nyama ni haba na wao waitaka. Lakini mwenye kupima mambo ataona kwamba vyakula vyote vilivyokatazwa vilikuwa vyakula vitamu, tena vya mafuta na vya kutia nguvu. Hatujasikia mwiko uliomkataza mwanamke ndizi.

III. Sababu za kuondoka kwa mume

Mume wa zamani hakukaa nyumbani siku zote. Zamani za wafalme aliitwa kufanya kazi kwenye kikao cha mfalme. Kikao cha Karagwe kilikuwa Bweranyange. Aliitwa vitani. Alikwenda kuwinda. Wafanyi biashara wa pwani walipojenga kituo chao Kafuro, katika nchi iyo hiyo ya Karagwe, ambako Stanley aliwakuta mwaka 1876, njia za biashara nazo zikawachukua watu. Baada ya hapo ikaja kodi, na mwanamume akaenda kutafuta fedha. Kahawa ilipokuwa mali, alikwenda kuiuza. Wa upande wa Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe mpaka ilipofanywa wilaya mbali mwaka 2012, wana mto Kagera mbele yao. Kutoka Murongo mtu huvuka akaingia Uganda. Na vita vya 1939 hata 1945 viliwachukua vijana wengi wa Tanganyika, wengine wakafika Burma.

Yatupasa kusema hapa kwamba kuondoka kwa mume hakukumlegezea mke desturi katika kila jambo. Katika mambo mengine kulimkazia. James Frazer, katika kitabu chake cha mila za mataifa kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1890, alikusanya habari nyingi za namna hii. Moja ni ya wawinda ndovu wa Afrika Mashariki: waliamini ya kwamba mke akizini wakati mumewe yuko mwituni, ndovu atapata nguvu juu ya mwindaji na kumwua. Maana yake, uzima wa mtu aliye porini uliwekwa mikononi mwa mke aliyebaki nyumbani, naye akipatwa na msiba, wa kulaumiwa yuko tayari.

Hapo twaona hekima ya namna yake iliyomo katika miiko ya chakula. Sheria ya baraza ina mashahidi, mwamuzi na fidia; nayo haina nguvu pasipo shahidi. Jikoni, mume akiwa safari ya siku kumi, shahidi hayupo. Kwa hiyo adhabu ya mwiko haikuwekwa mikononi mwa mwamuzi, iliwekwa ndani ya tumbo la mwanamke mwenyewe. Hakuambiwa kwamba ukila yai mumeo atakupiga. Aliambiwa kwamba ukila yai hutazaa. Hofu hiyo haikuhitaji macho ya mtu. Ilikaa nyumbani wakati mume yuko safarini, ikalinda chungu kwa niaba yake.

Lakini wenye kutunga adhabu kali hivi walikuwa wanajua jambo. Mtu haweki mlinzi kwenye shamba lisiloibiwa. Ukali wa vitisho ni ushahidi kwamba wanawake walikuwa na tamaa ya vyakula hivi kama wanadamu wengine, na ya kwamba waume walijua kuwa wakiwapa kisogo chungu kingeweza kuinjikwa.

IV. Shibe ya kuamriwa

Mtu asidhani kwamba wanawake wote wa Karagwe walinyimwa. Liko kundi la wanawake waliolishwa kupita kiasi, na habari zao zimeandikwa vizuri kuliko za wengine wote. Speke na mwenzake Grant walifika kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861. Speke alikaa huko mpaka Januari 1862, ndipo akaendelea Buganda. Grant alibaki Karagwe kwa ajili ya kidonda cha mguu hata mwezi wa Aprili. Speke alipelekwa kumwona mke wa kaka mkubwa wa mfalme, akamkuta hawezi kusimama kwa unene, na vyungu vya maziwa vimepangwa nyumbani mwake. Akaelezwa kwamba unene ule ni kazi ya vyungu vile: wanawake wa nyumba za wakuu huanza kunyweshwa tangu utoto, kwa kuwa desturi ya jumba la mfalme yataka wake wanene.

Siku nyingine Speke alimpima kwa kamba mwanamke mwingine, shemeji yake mfalme. Vipimo alivyoviandika, tukivigeuza kuwa vya siku hizi, ni hivi: mkono kuuzunguka, kama sentimeta 58; kifua, kama sentimeta 132; paja, kama sentimeta 79; kimo, kama sentimeta 173. Kando yake aliketi binti yake mwenye miaka 16, ananyonya chungu cha maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Wasomaji wengi wa kitabu cha Speke wameicheka habari hii, na wengine wameitumia kuwadharau watu wa Karagwe. Sisi twaomba iangaliwe ile fimbo. Binti yule alikuwa na chakula kingi kuliko binti wa mkulima yeyote wa nchi ile. Lakini hakula kwa njaa yake, wala hakuacha kwa shibe yake. Unene wake ulikuwa fahari ya baba leo na ya mume kesho, kama zizi lililojaa. Basi tunao wanawake wawili katika nchi moja. Mmoja amekatazwa kula kilicho kitamu. Mwingine ameamriwa kula hata asiweze kusimama. Wanaonekana mbali sana wao kwa wao, kumbe wako pamoja: hakuna hata mmoja kati yao aliyekula kwa shauri lake mwenyewe.

Ndiyo sababu twasema kwamba chungu alichokiinjika mke siku mume hayupo kilikuwa na maana kuliko ukubwa wake. Katika nchi ambayo ulaji wa mwanamke ulikuwa neno la baba, la mume na la ukoo, pale tu, kwa saa chache, palikuwa na mtu aliyejiuliza, Mimi nataka nini?

Ng'ombe wenyewe walikufa kwa wingi kwa sotoka iliyopita nchi hizi karibu na mwaka 1890 na 1891, na jumba la Karagwe halikurudia utajiri wake wa kwanza. Utawala wa machifu wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1963.

V. Alichokuwa nacho mke kikiwa chake

Mwenye kujipikia yampasa awe na cha kupika. Hapo hatuna budi kueleza mashamba. Katika Buhaya nyumba huzungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lililotiwa samadi na kutunzwa vizazi kwa vizazi. Kibanja ni cha mume na cha ukoo wake. Nje ya kibanja ni rweya, nchi ya majani. Huko wanawake walilima mashamba ya muda, yaitwayo omusiri, wakapanda njugumawe na mazao mengine. Mazao ya huko yalikuwa kazi ya mikono yao, na mara nyingi yalikuwa chini ya amri yao. Basi mke alikuwa na akiba ndogo isiyohesabiwa na mumewe, naye aliweza kuifungua wakati wowote pasipo kuitwa mwizi.

Yafaa pia kukumbuka kazi ya kupika ndizi. Mume akiwapo, ndizi humenywa, hupangwa chunguni, hufunikwa kwa majani ya mgomba, huiva polepole kwa moto wa kuangaliwa. Ni kazi ya nusu siku, pamoja na kuni na maji. Mume asipokuwapo, kazi hii yaweza kuachwa. Mke akachemsha njugu zake, akala. Kwa hiyo tusifikiri kwamba karamu ya siku hizo ilikuwa lazima iwe ya nyama. Katika siku saba za wiki, siku isiyo na kazi ya kumpikia mtu mwingine ni karamu, hata kama kilichomo chunguni ni njugumawe na chumvi.

Jambo jingine ni mlango. Brad Weiss, aliyekaa na Wahaya na kutoa kitabu chake mwaka 1996, ameeleza kwamba kwao chakula huliwa ndani, mlango ukifungwa, na si adabu mtu kuonekana akila. Mgeni hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa. Chakula chenyewe ni siri ya nyumba. Desturi hii iliwekwa kwa heshima ya wote. Lakini mlango uliofungwa haumwulizi mwenye kuufunga sababu. Uliosetiri chakula cha mume akiwapo ulisetiri na cha mke alipokuwa peke yake.

VI. Senene

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa senene, wale panzi wa kijani na wa hudhurungi wanaokuja kwa makundi majira ya mvua, hasa karibu na mwezi wa Novemba. Waganda wameuita mwezi huo kwa jina lao, Musenene. Hukamatwa, hung'olewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Mtu wa Bukoba aliye mbali na kwao hutumiwa senene wakavu, akawapokea kama barua ya nyumbani.

Zamani kazi ya kuwakusanya ilikuwa ya wanawake na watoto. Waliamka alfajiri, majani yangali na umande na senene hawajapata joto la kuruka. Waliwaleta nyumbani, wakawasafisha mmoja mmoja, wakawakaanga, na mume akala. Mwanamke hakuruhusiwa. Ilisemwa kwamba akiwala atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Buganda ilikuwa desturi mume amzawadie mkewe vazi jipya kwa ajili ya senene aliomkusanyia. Ndipo mtu ajue kwamba hata wanaume waliona haifai kazi ile ipite pasipo malipo.

Fikirini kazi ile ilivyokuwa. Mwanamke ameketi jikoni na kikaango mbele yake. Senene wanatoa mafuta. Harufu imejaa nyumba yote. Mikono yake inanukia. Yeye ndiye anayejua chumvi imetosha au haikutosha, ijapokuwa haruhusiwi kuonja. Hakuna mwiko uliokuwa mgumu kuushika kama huu, tena hakuna uliokuwa mwepesi kuuvunja, kwa kuwa senene ni mdogo na hahesabiwi. Kuku aliyeliwa huacha manyoya na mifupa. Senene hawaachi kitu. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, kitisho chake kilikuwa cha kutisha kuliko vingine: kilimwonyesha mama uso wa mtoto wake.

Na watoto walizaliwa, na vichwa vyao vilikuwa vichwa vya watu. Mwiko ambao adhabu yake yaonekana kwa macho una hatari hii: siku moja mtu huangalia. Leo wanawake wa Kagera hula senene, huwauza sokoni, na wengine hupata fedha kwao. Mwiko huu haukufutwa kwa sheria ya serikali wala kwa hukumu ya baraza. Wanawake waliula polepole mpaka ukaisha.

VII. Yaliyobadilika

Mapadre wa Afrika, ndio White Fathers, walifika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Misioni ya Bethel ilifika Bukoba mwaka 1910. Shule na hospitali zikafuata. Katika shule za bweni wasichana wa koo mbalimbali walikula chungu kimoja, na omuziro wa mmoja ulikuwa kitoweo cha mwingine. Katika kliniki mama mwenye mimba aliambiwa ale mayai, yaani kitu kile kile alichoambiwa na bibi yake kwamba kitamharibia uzazi.

Elimu ya vyakula imeonyesha gharama ya miiko ile. Ndizi ya kupika ni chakula chema cha kutia nguvu, lakini katika gramu 100 zake protini ni kama gramu 1 tu. Yai moja la kuku lina kama gramu 6. Katika senene waliokaushwa zaidi ya theluthi moja ya uzito ni protini, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mafuta. Mwanamke aliyenyimwa kuku, mayai na senene, naye ana mimba au ananyonyesha, alibakiwa na maharage kuwa tegemeo lake. Na maharage yakikosekana, hakuwa na kitu. Serikali iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na tangu hapo vipimo vimefanywa mara nyingi. Mkoa wa Kagera, wenye migomba kila upande, umetajwa tena na tena kati ya mikoa ambayo watoto wengi wamedumaa. Sababu ni nyingi, wala hatusemi kwamba ni miiko peke yake. Ugawaji wa chakula ndani ya nyumba ni mojawapo.

Sheria nayo imesema neno lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humpa mwanamke aliyeolewa haki ya kupata mali, kuishika na kuitoa, kama mwanamume. Basi kuku aliyenunuliwa na mke kwa fedha ya njugu zake ni kuku wa mke.

VIII. Hukumu yetu

Mwalimu au mchungaji akaaye vijijini huletewa mashauri. Mume amerudi safari, amekuta manyoya nyuma ya nyumba. Asema mke wake ni mlafi, amekula mali ya nyumba kwa siri. Mwamuzi atasema nini?

Wako watakaosema kwamba siri yenyewe ni kosa, kwa kuwa mume na mke ni mwili mmoja, na mwenye kula peke yake amejitenga na mwenzake. Neno hili lina kweli, wala hatulidharau. Mke aliyewalaza watoto na njaa ili ale peke yake amekosa, kama vile mume alaye nyama ya kilabuni na kurudi mikono mitupu amekosa. Ulafi ni ulafi, awe nao mwanamume au mwanamke.

Lakini mwamuzi mwenye haki ataanza kwa kuuliza maswali. Kuku yule alifugwa na nani? Watoto walikula pamoja na mama yao, au hawakula? Mke ana mimba, au ananyonyesha? Na wiki zote mume alipokuwapo, yeye alipata sehemu gani ya kuku waliochinjwa? Ikiwa majibu ni kwamba alimfuga yeye, watoto walikula, na kwa mwaka mzima yeye alipewa mchuzi tu, basi siri yake haikuanza siku ile mume alipoondoka. Ilianza siku ya kwanza nyama ilipopakuliwa na yeye hakuhesabiwa. Mtu asiye na sehemu mbele ya watu hujitafutia sehemu gizani. Kumkemea kwa ajili ya giza na kuacha ugawaji ule ule uendelee ni kumfundisha kuficha manyoya vizuri zaidi.

Dawa, kwa maoni yetu, i mikononi mwa mume. Achinje kuku akiwapo, aseme kwa kinywa chake, mbele ya watoto wake wa kiume, Sehemu hii ni ya mama yenu. Akifanya hivi, safari yake ijayo haitakuwa sikukuu ya mtu yeyote, wala haitampasa mke kumfungia mlango jirani.

Mwisho, twawaomba wasomaji wetu walioko Karagwe na Kyerwa watusaidie kukusanya yaliyobaki. Vikongwe waliolelewa katika miiko hii wamepungua. Waulizwe kwa adabu, na walimu wa kike ndio wafaao kuliko sisi, maana mambo haya bibi hamwambii mwanamume. Waulizwe ni vyakula gani walivyokatazwa na mama zao, na vipi walivyokatazwa na mama wa mume, kwa kuwa pengine si vile vile. Waulizwe jina la kila chakula kwa Kinyambo, na neno litumikalo kwa mwanamke alaye peke yake, kama lina lawama ndani yake au halina. Waulizwe ni mwaka gani, au wakati wa tukio gani, walipoonja yai mara ya kwanza, na nani alikuwapo. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, pasipo kusahihishwa, pamoja na jina la kijiji.